John Coleman wa Essendon: mechi 98 tu, mbona medali ina jina lake?

Mgeni_wa_Melbourne:
Salaam wakuu. Nina miezi minane hapa mjini, na kazini gumzo ni footy tu, ule mpira wao wa yai. Mfungaji bora wa msimu hupewa Medali ya Coleman. Nimetazama rekodi za huyo John Coleman, mchezaji wa klabu ya Essendon, nikashangaa: mechi 98! Wapo waliocheza zaidi ya 300. Kwa nini yeye?

BabaZawadi:
Karibu sana mdogo wangu. Nilipofika huku nilimuuliza swali hilohilo mzee mmoja tuliyekuwa tukipakua naye mizigo ghalani, Essendon damu. Akaniambia nichukue magoli 537 nigawe kwa 98.

Coleman alizaliwa Port Fairy mwaka 1928. Mechi yake ya kwanza ligi kuu, 1949 dhidi ya Hawthorn, alifunga magoli 12. Goli moja huku ni pointi 6, kwa hiyo kijana wa miaka 20 kaingiza pointi 72 peke yake, siku ya kwanza! Sifa yake kubwa ilikuwa kuruka: anapaa juu ya mabega ya mabeki, anadaka, anatua, anapiga. Msimu huohuo aliingia fainali dhidi ya Carlton hajatimiza magoli 100. La mia alilifunga mchezo ukielekea kuisha, Essendon wakawa mabingwa. 1950 akafunga 120, na ubingwa tena.

Yule mzee kilichokuwa kikimchoma ni 1951. Mechi ya mwisho kabla ya mtoano, Harry Caspar, beki wa Carlton, alimpiga. Coleman akarudishia. Kamati ikawafungia wote wawili mechi nne. Essendon wakafika fainali bila yeye, wakafungwa na Geelong kwa pointi 11. Hata magoli mawili hazifiki! Mzee akisimulia hapo sauti ilikuwa inabadilika, na mimi naona alikuwa na haki. Aliyechokozwa kupewa adhabu sawa na mchokozi, hapana.

Goti_la_Kulia:
Mimi niliacha soka kwa sababu ya goti, kwa hiyo 1954 yake siwezi kuisoma nikatulia. Wiki moja kabla alikuwa amefunga magoli 14 dhidi ya Fitzroy. Wiki iliyofuata wanacheza na North Melbourne nyumbani kwao Windy Hill, akaanguka vibaya, goti likaenda. Alikuwa na miaka 25. Alijaribu kurudi, goti likakataa. Asiyewahi kulala usiku akisikiliza goti lake mwenyewe hawezi kujua jambo hilo lilivyo.

Mgeni_wa_Melbourne:
Pole sana ndugu yangu. Baada ya hapo aliishia wapi?

BabaZawadi:
Alirudi Essendon kama kocha, 1961 hadi 1967, akawapa ubingwa wa 1962 na wa 1965. Moyo ukasimama 1973, akafariki akiwa na miaka 44. Medali ilianza kutolewa 1981, na vinara wa magoli kuanzia 1955 wakahesabiwa kuwa washindi pia. Angalia huo mwaka: 1955, msimu wa kwanza baada ya goti lake.

Mgeni_wa_Melbourne:
Nimepiga hesabu: 5.48 kwa mechi. Ahsante mzee wangu. Jumamosi naenda uwanjani kwa mara ya kwanza, nitakaa nyuma ya nguzo za goli.