Jibini ya Bibi, tarehe 27

*Kikundi: WATOTO NA WAJUKUU WA BIBI LUSHOTO*

Alhamisi, 18 Desemba

06:12 Mama Neema: Bwana Yesu asifiwe. Na shemeji Hasani, asalaam aleikum. Nakumbusha tena. Jumamosi ya tarehe 27 Mama anatimiza miaka 80. Ibada fupi nyumbani saa 4, baadaye chakula. Mbuzi yupo, mchele upo, ndizi ziko kwa Daudi. Kilichobaki ni JIBINI. Nimemuuliza Mama anataka zawadi gani, hakutaja kitenge wala blanketi. Kasema, "Nileteeni jibini ya shamba la Irente na ule mkate wao mweusi, nile mpaka niseme basi." Kila nyumba 20,000, weka na ya kutolea. Mwisho Jumapili.

07:40 Mama Neema: Naona mmesoma watu 14.

09:05 Mama Neema: 15 sasa.

09:06 Joshua: Shikamoo mama mdogo. Mimi nilikuwa nasoma kwa heshima tu 🙏

09:07 Mama Neema: Marahaba. Heshima inatumwa kwa M-Pesa.

09:31 Zawadi: Sisi tutatuma jioni dada. Mimi ile jibini na ndizi mbivu, hasa kisukari iliyoanza kupata madoa! Unamega ndizi, unaweka kipande juu. Chumvi na sukari vinakutana humo humo mdomoni. Sihitaji mbuzi siku hiyo.

09:33 Joshua: Mbuzi wa mama Zawadi niandikiwe mimi

09:50 Hasani: Shikamooni wakubwa. Shemeji, nina swali kuhusu hiyo jibini, nikipata nafasi nitaandika.

09:52 Joshua: Baba Hasani anataka kujua kama inauzwa kwa mkopo 😂

10:15 Mama Neema: Kaka Elia uko? Wewe ndiye unatoka Tanga na gari tarehe 26, na lile deli la samaki liko kwako. Nijibu.

13:20 Mama Neema: Elia.

13:58 Elia: Niko kazini dada. Deli lipo. Linanuka kibua lakini.

13:59 Joshua: Jibini yenye harufu ya kibua, Wafaransa wangeilipia pesa ndefu

14:03 Mama Neema: Lioshe kwa maji ya moto na ndimu, ulianike juani siku mbili. Usilete ile ya Pasaka.

14:04 Joshua: 😂😂😂 ILE YA PASAKA

14:04 Zawadi: Korogwe hawajasahau

14:05 Joshua: Kondakta alikuwa anauliza "nani kamwaga uji?"

14:06 Zawadi: Na Elia kimyaaa, kaangalia dirishani

14:10 Elia: Basi lilikaa saa tatu Segera, mlitaka nifanye nini?

14:22 Mama Neema: Tuache ya Pasaka. Michango.

20:47 Mama Neema: Waliotuma leo: Zawadi na Hasani. Basi.

Ijumaa, 19 Desemba

05:58 BABU ZAKARIA: ONGA MAUNDO WANANGU. NIMEAMKA SALAMA. HUKU MVUA NA UKUNGU. JIBINI MIMI NAKULA NA CHAI YA TANGAWIZI BILA SUKARI. MNIWEKEE

06:01 Mama Neema: Shikamoo baba mdogo. Tutakuwekea.

06:30 Joshua: Shikamoo babu. Wewe umekula jibini tangu lini?

07:12 BABU ZAKARIA: TANGU KIJANA. MAREHEMU BABU YENU AKITOKA KUPELEKA MAZIWA ANARUDI NA KIPANDE KWENYE KARATASI. TULIKUWA TUNAKULA NJIANI NA MAPEASI. NYUMBANI INAFIKA KARATASI

07:15 Mama Neema: Jamani hilo nalikumbuka. Kuna wakati Baba alinichukua pamoja naye. Alikaa pale kwenye jiwe kabla ya kona, akafuta kisu kwenye suruali, akakata nyembamba sana, unaona mwanga upande wa pili. Akaniambia usitafune haraka, iache kwanza juu ya ulimi. Halafu ndipo anakupa peasi lenye maji. Mimi mpaka leo nikinunua jibini dukani Dar, kitu cha kwanza natafuta peasi. Sipati, nakula na embe, siyo sawa.

07:20 Zawadi: 😢❤️

07:21 Neema: ❤️

07:44 Hasani: Kwetu sisi ni chapati. Chapati ikitoka jikoni ya moto, unakwaruza jibini ndani, unakunja, unasubiri kidogo. Ukiivuta inafuata kama uzi. Watoto hawaulizi mboga. Sasa lile swali langu ni hili. Maziwa yanagandishwa kwa kimeng'enya, na cha asili kinatoka kwenye tumbo la ndama anayenyonya. Mimi nataka kujua kama cha pale kinatoka kwa ndama, na kama ni ndama, amechinjwa vipi. Siyo ubishi, nataka nile nikiwa na amani na wanangu.

07:46 Joshua: Kumbe jibini ina ndama ndani?? Naacha kula

07:46 Joshua: Nimeanza tena

07:47 Zawadi: 😂😂

08:30 Elia: Nyie wote hamjajaribu makande. Makande ya jana yaliyolala, unayapasha, unakwaruza jibini juu yakiwa bado yanachemka. Maharage yanakuwa na utamu mwingine kabisa.

08:31 Joshua: Mjomba hapana

08:31 Zawadi: Elia toka kikundini

08:33 Neema: Mimi nimejaribu kwa mjomba Tanga, ni tamu kweli jamani

08:35 Mama Neema: Neema nenda kazini.

11:02 Mama Neema: Daudi mwanangu, wewe uko hapo hapo. Panda Irente leo au kesho, uliza kilo 5 tutapata? Msimu huu wageni ni wengi. Na mkate mweusi mitatu. Na muulize swali la baba yako Hasani.

16:40 Mama Neema: Daudi.

18:25 Daudi: Shikamoo shangazi. Ndio.

18:26 Mama Neema: Ndio nini?

21:10 Daudi: Nitaenda. Kuna dada hapo karibu na sokoni aliwahi kufanya kazi ya maziwa, kasema kilo moja ya jibini ngumu inataka lita kama 10 za maziwa. Ndiyo maana ina bei.

21:14 Joshua: Kwa hiyo kilo 5 ni lita 50. Bibi anakula ziwa zima

21:39 Yunisi: Yule ng'ombe wetu, Sikujua, alikuwa anatoa lita 12 kwa siku. Kwa siku nne tu tungekuwa na lita 48. Tusingekuwa tunachangishana humu kama yatima.

21:40 Mama Neema: Dada Yunisi, habari za Moshi. Naomba tusiende huko.

21:44 Yunisi: Nzuri. Siendi popote, nasema hesabu. Ng'ombe wa Mama alikuwepo, asubuhi moja hayupo. Baba yuko hospitali hajui hili wala lile. Aliyeonekana njiani na kamba anajulikana, na yumo humu, anatufundisha makande.

21:46 Zawadi: Dada jamani, usiku huu

21:52 Elia: Leo tena dada?

21:53 Yunisi: Hata kesho.

21:53 Joshua: Kwani ng'ombe akiwa hai leo angekuwa na miaka mingapi, si angekuwa bibi mwenzake Bibi 😅

*Joshua amefuta ujumbe huu*

21:58 Yunisi: Nimeuona.

22:03 Hasani: Wakubwa samahani, ndugu Daudi ukienda usisahau lile la kimeng'enya.

22:30 Mama Neema: Tulale. Kesho ni michango. Nyumba nne bado.

Jumamosi, 20 Desemba

06:05 BABU ZAKARIA: NIMESOMA YA JANA USIKU. NG'OMBE NILIMUUZA MIMI. KAKA ALINIITA HOSPITALI AKASEMA ZAKARIA KAMUUZE SIKUJUA MNADANI NA WATOTO WASIAMBIWE. ELIA NILIMPA KAMBA ANISHIKIE KWA SABABU GOTI LILIKUWA LINANIUMA. ALIKUWA MTOTO WA SHULE. HAKUPATA HATA SODA. NIMEKAA NALO KWA SABABU NILIAHIDI. MAMA YENU ANAJUA TANGU ZAMANI. YUNISI USIMSEME TENA MDOGO WAKO

06:07 BABU ZAKARIA: MIMI NIMEMALIZA

*(Hakuna ujumbe hadi mchana.)*

12:48 Mama Neema: Shikamoo baba mdogo. Tumesikia. Asante.

12:50 Zawadi: Shikamoo baba. 🙏

12:51 Hasani: 🙏

12:55 Joshua: Shikamoo babu 🙏

13:30 Mama Neema: Naendelea na michango, maana Mama haachi kuzaliwa. Kuna jambo la presha. Daktari alisema apunguze chumvi, na jibini ina chumvi, ndivyo inavyotunzwa. Kwa hiyo siku ile atakula, hatumnyimi hata kidogo, lakini siyo sahani nzima akabaki nayo chumbani. Vipande vyembamba kama vya Baba. Neema utakaa naye.

13:34 Neema: Nitakaa naye lakini ataficha chini ya mto, mnamjua

13:41 Mama Neema: Na tumbo? Maziwa yanamjaza gesi siku hizi. Upendo wewe ni nesi, tuambie. Upendo hujajibu tangu Alhamisi.

17:22 Upendo: Shikamooni wote, nilikuwa zamu za usiku huku Leipzig, nasoma kuanzia juu. Mama mdogo, jibini ngumu iliyokaa miezi haimsumbui sana tumbo. Sukari ya maziwa nyingi inaondoka na yale maji ya njano yanapokamuliwa, na iliyobaki inaliwa na bakteria jibini inapokomaa. Maziwa mabichi ya kikombe ndiyo yanamsumbua. Tena itoeni kwenye friji nusu saa kabla ya kula. Ikiwa baridi ladha inajificha, harufu haitoki. Huku jioni watu wengi hawawashi jiko kabisa, wanaweka mezani mkate wa rai, jibini tatu nne na matango ya siki, wamemaliza. Mwanzoni nilisema hiki siyo chakula. Sasa nikitoka zamu ndicho ninachokiwaza njia nzima. Lakini sijaonja yoyote nikaona Lushoto kama ile ya Irente. Baba Hasani, kimeng'enya siku hizi viwanda vingi vinatumia cha vijidudu, hakina ndama. Lakini kila mtengenezaji ana njia yake, lazima waulizwe wenyewe.

17:25 Hasani: Asante sana mwanangu. Hilo ndilo nilitaka.

17:26 Joshua: Upendo na yale matundu? Panya?

17:31 Upendo: 😂 Gesi. Bakteria wanatoa gesi ndani jibini ikiwa bado laini, inakosa njia, inatengeneza tundu.

17:40 Zawadi: Kama watoto hawatakula ya shamba, mimi nitawatengenezea ile laini. Mtindi naufunga kwenye kitambaa safi, nautundika juu ya beseni usiku kucha. Asubuhi ni laini, unapaka kwenye mkate na asali. Haina kimeng'enya chochote kwa sababu mtindi wangu nagandisha mwenyewe. Baba Hasani umesikia?

17:41 Hasani: Nimesikia. Lakini mimi naitaka ile ya kuvutika.

19:15 Yunisi: Nimetuma 60,000. Nyumba yangu, ya Elia, na ya Joshua maana najua hana.

19:16 Joshua: Mama mkubwa 😭🙏🙏 shikamoo

19:18 Mama Neema: Imeingia dada. Mungu akubariki.

19:20 Yunisi: Baba mdogo shikamoo. Nitakupigia.

19:55 BABU ZAKARIA: MARAHABA MWANANGU. SIMU INA CHAJI

20:10 Mama Neema: Elia, umeona? Tarehe 26 unatoka saa ngapi? Dada Yunisi atashuka Mombo na basi la Moshi, umchukue hapo, mpande naye Soni pamoja.

21:30 Mama Neema: Elia umesoma.

Jumapili, 21 Desemba

07:02 Mama Neema: Elia nijibu kuhusu Mombo kabla sijaenda kanisani.

11:48 Daudi: Shikamooni. Nilipanda jana. Kilo 3 zimepatikana, za umri tofauti, moja ngumu sana na mbili za katikati. Nyingine mbili wakasema nirudi Jumanne. Mkate ni wa kuagiza, nimeagiza mitatu. Nimeweka jibini zote kwenye friza ya jirani, kuna nafasi kubwa.

11:50 Joshua: Safi Daudi, mawe yetu yako salama

11:51 Zawadi: Friza???

11:53 Mama Neema: Daudi, na kimeng'enya uliuliza?

12:20 Hasani: Naam, Daudi?

14:37 Upendo: MSIGANDISHE! Ikigandishwa kavu, ikiyeyuka inakatikakatika kama chokaa, haikatwi vipande vyembamba tena. Daudi itoe sasa hivi, ifunge kwa karatasi halafu kitambaa, iweke kwenye friji ya kawaida chini kabisa, au hata chumba cha Bibi upande wa kaskazini, huko baridi inatosha.

14:38 Joshua: Chumba cha Bibi??? Siku sita???

14:38 Neema: 😂😂😂 Tutakuta karatasi

14:40 Mama Neema: Siyo chumba cha Mama! Daudi pokea simu. Nimepiga mara tatu.

15:26 Elia: Deli nimelianika. Nitatoka saa 12 asubuhi. Habari ya Mombo nitawaambia.

15:27 Mama Neema: Utawaambia lini, Elia? Na Daudi yuko wapi, mwenye namba ya huyo jirani aiweke hapa.