Makampuni ya Kili, acheni kuwauzia Watanzania wenzenu Marangu ya siku tano

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimeshuka Mlima Kilimanjaro juzi, njia ya Marangu, nikikimbia nyuma ya machela. Juu ya machela kalala mgeni wangu, binti wa miaka 26 kutoka Dar, hajitambui. Kufika mjini ofisi iliyonituma ikanikata hela ya siku mbili kwa kuwa "nimevuruga safari ya watu". Jina la kampuni silitaji hapa, maana mchezo huu hauchezwi na mmoja.

Mimi ni muongozaji msaidizi. Kabla ya leseni nilikuwa mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, miaka saba, nimebeba mahema, mitungi ya gesi, mpaka meza za wageni. Kwa hiyo ninachosema sikukisoma mahali.

Tuanze na hiyo safari yenyewe mnayouziwa. Siku ya kwanza unatoka geti la Marangu unalala vibanda vya Mandara, mita 2,720. Ya pili vibanda vya Horombo, 3,720. Ya tatu unafika kibanda cha Kibo alasiri, 4,720, unakula, unajilaza saa chache, halafu saa sita usiku unaamshwa uende kileleni Uhuru, mita 5,895. Haya hesabuni wenyewe. Ukishavuka mita 3,000 madaktari wa milimani wanashauri kila usiku usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 hivi. Hapa mtu anarushwa mita 1,000 leo na 1,000 nyingine kesho, kisha usiku huohuo anasukumwa kileleni, ambako kila pumzi inampa karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata akiwa Kariakoo.

Ile safari ya siku sita ina usiku wa pili Horombo. Siku hiyo mgeni anatembezwa mpaka Jiwe la Pundamilia, mita kama 4,000, anarudi kulala palepale. Ukiitazama juu juu utasema ni siku ya kupoteza. Kumbe ndiyo siku ambayo mwili unajifunza hewa. Njia ya Machame nako ni vilevile: unapandishwa hadi mwamba wa Lava Tower, 4,600, halafu unashuka kulala kambi ya Barranco, 3,900. Panda juu, lala chini. Hata mgumu wa miezi mitatu analijua hilo.

Sasa kwa nini ofisi inaikata siku hiyo kwa Mtanzania? Kwa mgeni wa nje ningeelewa kidogo, maana anatozwa dola 70 za hifadhi na dola 60 za kibanda kwa kila siku, bado kodi. Sisi wananchi tunalipa kwa shilingi, tena sehemu ndogo mno ya hiyo. Siku ya ziada ya Mtanzania gharama yake kubwa ni chakula na ujira wetu sisi tunaobeba na kuongoza. Basi huko ndiko wanakobana. Mtasema natetea tumbo langu. Ndiyo, siku ya sita na mimi naila, sikatai. Lakini sijawahi kuona mtu akibebwa kwa sababu amelala Horombo mara mbili.

Kundi langu lilikuwa la watu kumi na mmoja, wafanyakazi wa ofisi moja. Walitaka 9 Desemba iwakute Uhuru na bendera. Tangazo walilotumiwa lilikuwa na habari ya Luteni Nyirenda aliyepeleka mwenge kileleni nchi ilipopata uhuru 1961, maneno mazuri kabisa ya uzalendo, na chini yake bei ya siku tano. Kuhusu ugonjwa wa mwinuko hakuna hata sentensi moja.

Horombo yule binti hakula. Alisema kichwa kinamgonga, akapewa Panadol mbili. Asubuhi akasema nafuu, akaondoka na wenzake. Panadol inanyamazisha kichwa tu, ugonjwa unaendelea na kazi yake. Kwenye ule uwanda mkavu kati ya kilele cha Mawenzi na kilele cha Kibo akawa anakaa chini kila baada ya hatua kumi. Nikamwambia kiongozi mkuu tumrudishe. Akapiga simu ofisini palipokuwa na mtandao, jibu likaja: ratiba haibadiliki, akifika Kibo atapumzika.

Tulifika Kibo saa kumi na moja jioni. Kipimo cha kidole, kile cha kupima oksijeni ya damu, kilikuwa kimoja kwa kundi zima, na betri zake zimekufa. Nikaazima kwa jirani yangu wa kampuni nyingine. Kikasoma asilimia 61. Nikachora mstari mchangani kwa fimbo nje ya kibanda, nikamwambia dada yangu tembea juu ya huu mstari, kisigino kiguse kidole. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili akayumba. Ya tatu mguu ukaenda kando kabisa akaniangukia begani, akaniomba samahani. Nikamuuliza leo siku gani. Akanitajia jina la mama yake.

Hapo ubongo umeshaanza kuvimba. Hakuna cha kusubiri asubuhi, wala hakuna cha kumuuliza bosi. Nikaita machela.

Wagumu wanne walikuwa ndio wameshika sahani za ugali. Siku hiyo walikuwa wamepanda na mizigo kutoka Horombo, na maji juu yake, maana Kibo hakuna maji, yanabebwa kutoka huko chini. Waliweka sahani chini bila neno. Tukashuka gizani karibu kilomita kumi, mvua ya vuli inatupiga, mmoja wao kavaa raba zilizotoboka. Tulipokaribia mita 4,000 binti akaanza kuitika. Horombo akaomba chai. Kesho yake akashuka getini kwa gari la uokoaji, anaongea. Yu hai na ameniruhusu kuandika haya bila jina lake.

Unajua ofisi iliwaambia nini wenzake? Kwamba "hakuwa fiti". Huyu dada anakimbia kilomita 21! Ufiti haumkingi mtu na mwinuko. Hata wenye mapafu ya kukimbia wanaumia, kwa sababu wanatangulia, hawataki kwenda polepole, wanaona aibu kusema kichwa kinauma.

Wabongo wenzangu, nanyi nawalaumu kidogo. Mnapiga simu mnauliza bei na kama fulana ipo. Ulizeni mnalala Horombo mara ngapi. Ulizeni kama kuna mtungi wa oksijeni na nani anajua kuutumia. Ulizeni kama muongozaji anaruhusiwa kukurudisha bila kupiga simu mjini. Akisitasita kwenye hilo la mwisho, chukua hela yako uondoke.

Na wahusika wa hifadhi, kila mtu anaandikishwa pale getini. Mizani ipo, mzigo wa mgumu unapimwa, mwisho kilo 20, na tunashukuru kwa hilo. Lakini ratiba ya siku tano kwa mtu ambaye maishani hajawahi kupanda juu kuliko milima ya Lushoto inagongwa mhuri inapita. Ikatazeni. Siku sita iwe ndiyo ya chini kwa Marangu, kwa Mzungu na kwa Mmakonde.

Hela yangu niliyokatwa nitaitafuta mwenyewe. Ila wale wagumu wanne hawakulipwa usiku ule, na tipu yao imezuiwa eti kundi halikuridhika. Bosi, humu unapita na hii habari unaijua ni yako. Walipe wale vijana.