"Moshi ni kawaida kwa umri wake": nimechoka na yule fundi mnayemjua

Ndugu zangu, nimetoka kwake sasa hivi na mikono yangu bado inanuka plastiki iliyoungua. Simtaji jina, kwa kuwa kila mwenye pikipiki ya zamani ya Kiingereza, Triumph, BSA au Norton, ameshapita mikononi mwake, na wengi wametoka wakisukuma. Nilimpelekea Triumph Bonneville yangu ya 1969 nikiwa na ombi moja dogo: aondoe rekitifaya ya zamani, inayogeuza umeme wa alteneta ufae betri, pamoja na ile dayodi ya Zener iliyo chini ya taa, inayozuia chaji isizidi, aweke kifaa kimoja cha kisasa kinachofanya kazi zote mbili, na alteneta ya Lucas ya fezi moja aiache ilivyo, kwa sababu wati zake 120 zinazitosha koili mbili za cheche na taa za LED. Yeye akaanza kunihutubia kuhusu fezi tatu na wati 180, kana kwamba nataka kuangazia uwanja wa ndege, na hotuba ikiwa imenoga, mkono wake ukafunga waya hasi wa betri kwenye fremu.

Waya hasi! Kwenye pikipiki ya Kiingereza ya mwaka ule, ambayo hata mtoto aliye tumboni anajua kwamba chanya ndiyo inayokwenda kwenye fremu! Kifaa kikafuka moshi hadi tukawa tunatafutana kwa sauti, na nilipouliza kulikoni, akajibu bila kupepesa macho: "Moshi ni kawaida kwa umri wake."

Umri gani? Kifaa kilikuwa na dakika nne tangu kitoke kwenye boksi! Angesema amekosea ningemsamehe, angenilaumu mimi ningevumilia, lakini kunitazama machoni, koleo bado mkononi, akaniambia kwamba moshi ni kawaida kwa umri wake!

Mzee wa Magneto: Pole, kijana. BSA yangu inawaka kwa magneto, inayojitengenezea umeme wa cheche yenyewe, na betri nimeibeba kama mgeni wa heshima tu. Hayo ya kuchaji nawaachia ninyi wenye subira.

Koili Mbili: Mkuu, nina swali moja tu. Fyuzi ilikuwa wapi wakati hayo yote yakitokea?

Mwenye uzi: Fyuzi iliungua mwezi uliopita, nikaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwa muda. Hilo halihusiani na maneno aliyonitamkia.

Koili Mbili: Basi fundi amesema kweli, ila umri aliokuwa akiuzungumzia ni wako.

Commando Mchovu: Wewe umepata moshi, mimi nilipata kelele. Huyo huyo alinifungia stata, ile sehemu ya alteneta isiyozunguka, ya fezi tatu ili betri ipate chaji hata injini ikizunguka polepole, lakini hakupima nafasi kati yake na rota inayozunguka ndani yake, nafasi ambayo inapaswa kuwa kama milimita 0.2 pande zote. Rota ikaikwangua stata mpaka shaba ikaonekana, naye akasema vitazoeana.

Volti Sita: Ninyi wenye alteneta mmezoea kudeka. Dainamo yangu ni ya wati 60, na nikiwasha taa kubwa usiku betri inaanza kuaga. Nilitoa regyuleta (kidhibiti cha chaji) ya sumaku, nikaweka ya kielektroniki inayofanana nayo kwa nje, na sasa mambo ni shwari.

Commando Mchovu: Wati 60 ni za kusomea gazeti, mzee wangu, si za kuendeshea usiku.

Mzee wa Magneto: Gazeti tunalisoma mchana.

Volti Sita: Asante, mzee. Afadhali dainamo isiyokwanguana na mtu.

Mwenye uzi: Jamani, moshi wangu je? "Kawaida kwa umri wake"!

Commando Mchovu: Volti Sita, hiyo regyuleta inakubali chanya kwenye fremu, au ni lazima nigeuze?

Volti Sita: Zipo za aina zote mbili. Soma kilichoandikwa kabla ya kufunga.

Koili Mbili: Mwenye uzi, ile dayodi ya Zener aliyoitoa bado unayo? Ninaihitaji.