Tupeane uzoefu: mipangilio ya programu ya kuhariri video inapokataa kufuatana kati ya kompyuta mbili

Mwanzilishi wa mada, Mji wa Kale:
Ndugu wahariri wa Mombasa na viunga vyake, hamjambo. Wengi wetu huhariri harusi mchana kwenye kompyuta ya studio na kumalizia nyumbani usiku kwenye laptopu, tukitarajia kwamba mikato ya kibodi (vitufe vya kutoa amri haraka) na mpangilio wa madirisha vitakuwa vimeshafika huko kupitia akaunti ile ile. Mara nyingi havifiki. Naomba mwenye kisa aeleze alichokiona, chanzo chake na dawa yake. Jibu la "sakinisha upya" tuliache, maana programu nyingi zikiondolewa huacha folda ya mipangilio ya zamani pale pale ilipokuwa.

Nianze na changu. Studioni natumia Windows, nyumbani Mac. Akaunti ilisema usawazishaji, yaani kulinganisha mipangilio kati ya mashine, umekamilika, lakini mikato yangu haikuonekana. Wanaotumia Premiere Pro, programu ya kuhariri video ya Adobe, watakuta kwamba mikato huhifadhiwa katika faili la .kys, na kwamba ndani ya folda ya mtumiaji kuna sehemu ya Win na sehemu ya Mac, kila moja na yake. Niliipanga upya upande wa Mac, na tangu hapo kila upande unajitegemea.

Mwenye studio, Nyali:
Kwetu kompyuta ya mezani ilikataa hata kuingia kwenye akaunti, ilhali simu na laptopu zilizokuwa kwenye waifai hiyo hiyo zilifanya kazi bila matatizo. Kijana wa intaneti alilaumiwa bure. Hatimaye mmoja wetu akatazama pembeni mwa skrini, chini kulia, akaona tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa. Kompyuta ilikuwa imechomolewa ukutani, na betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu, ile ya volti 3 iliyoandikwa CR2032, ilikuwa imekwisha, basi saa ikapotea. Mawasiliano salama na seva huthibitishwa kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa yako ikiwa nyuma mno, cheti kizuri huonekana kwamba muda wake haujaanza, na muunganisho hukataliwa. Tulibadilisha betri, tukarekebisha tarehe, na mipangilio ikashuka yenyewe.

Mhariri, Likoni:
Dada wa Nyali, umeme umenisumbua na mimi, ila kwa njia nyingine. Programu ninayotumia huandika mabadiliko mengi ya mipangilio kwenye diski wakati wa kufungwa tu, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi hakuna kipya cha kupeleka wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni ya akaunti. Siku hizi nikibadilisha kitu naifunga programu vizuri na kuifungua tena, ndipo naendelea.

Mpiga picha, Bamburi:
Kwangu mipangilio ilifika, tena ilifika kupita kiasi. Njia ya folda ya faili za muda ilisafiri pamoja na mipangilio ikielekeza kwenye diski E, lakini kwenye laptopu diski ile ile ya nje ilipewa herufi F. Kila nilipofungua programu nililetewa onyo kwamba folda haipo, na nikadhani usawazishaji ndio ulioharibika. Nilikwenda kwenye Disk Management ya Windows, nikaipa diski herufi E huko pia, kisha nikafungua programu upya, onyo halikurudi. Nisisahau fonti na programu-jalizi (vijiprogramu vya kuongeza uwezo wa programu): hizo hazikuja kabisa, nazo nilizisakinisha kwa mkono.

Mwanachama, Kisauni:
Mimi nilikuwa na skrini mbili studioni na moja nyumbani. Paneli ya sauti ilikuwa imefunguka nje ya skrini. Kurudisha mpangilio wa awali wa madirisha kulitosha.

Mhariri, Tudor:
Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mipangilio ya zamani kufuta mipya. Laptopu iliyokaa kabatini muda mrefu iliwashwa, ikapeleka vya kwake wingu, na kompyuta ya studio ikavipokea. Kwa bahati nilikuwa na nakala. Kabla ya kuingia kwenye akaunti katika mashine ya aina hiyo, funga programu, nakili folda nzima ya mtumiaji kwenye flashi na uipe jina lenye tarehe, kisha ukiulizwa chagua kupakua, si kupakia.