Je, Wakenya tuna deni kwa wapiganaji wastaafu wa Tanzania?

Mkaazi wa Likoni: Ndugu zangu, jirani yangu ni mzee wa Kitanzania aliyepigana Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, je, tunawajibika kumuenzi, au hilo ni la serikali yake pekee?

Bin Kisauni: Tunawajibika, kaka. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, na waliomng'oa Kampala Aprili 1979 ni wanajeshi wa Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, si sisi. Mpelekee mzee halua tarehe 25 Julai, ambayo kwao ni Siku ya Mashujaa.

Mama Tudor: Shukrani, naam, utii ni kwa nchi yako. Hata hivyo, sanamu za askari pale Mwembe Tayari, hapa Mombasa, ambazo tunazipita bila kuzitazama, zinawakumbuka waliopigana Vita Vikuu vya Kwanza, kama ile ya Dar es Salaam, kabla hatujaitwa Wakenya wala Watanzania.