Mrejesho: jina la ukoo wetu lilikotoka

Miezi michache iliyopita niliwaomba msaada wa kumfuatilia babu wa babu yangu, aliyefika Bunkeya, mji mkuu wa ufalme wa Wayeke huku Katanga, kusini mwa Kongo, enzi za mfalme wao Mwami Msiri, na kujua kwa nini ukoo wetu unaitwa Ndoto. Ninawashukuru nyote kwa dhati.

Niliufuata kwanza ushauri wa kuanza na wazee kabla ya karatasi, na ndio uliozaa matunda. Shangazi wa baba, nyumbani kwake Katuba, hapa Lubumbashi, alilitamka jina polepole, mara mbili: "Doto." Hapo mambo yakafunguka, kwani kwa Wanyamwezi Kulwa ni pacha anayetangulia kuzaliwa na Doto ni yule anayemfuata, nao Wayeke walitoka huko Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Kumbe hadithi yetu ya ndoto aliyoiota mzee njiani ilizaliwa na herufi moja. Katika cheti cha ubatizo cha babu, ile N imeandikwa kwa wino uleule wa jina zima, na mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipotuamuru kuacha majina ya Kikristo, ndiyo iliyobaki nasi kwenye vitambulisho.

Ushauri wa kutafuta maandishi hapa mjini haukufaulu. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, karibu miaka 19 baada ya Msiri kuuawa Desemba 1891, na vitabu vya parokia nilivyofunguliwa vinaanza na wajukuu wa mzee. Mwaka wake wa kuzaliwa sijaupata, wala sijajua kama Kulwa wake alisafiri naye au alibaki kwao.