Tupeane uzoefu: mliowahi kula Krismasi hospitali na mgonjwa wenu, imani ilisimamaje?

BenchiLaNje:
Wakuu salaam. Leo nimepita jirani na kanisa, kwaya wako mazoezini, wakaanzisha wimbo mmoja wa Krismasi, miguu ikaniisha nguvu nikakaa pembeni. Ngoja niseme, nimekaa nalo muda mrefu.

Mama alipata kiharusi tarehe 24 asubuhi. Wala hakuanguka, kikombe kilimponyoka, kukiokota mkono wa kulia haushiki, mdomo umeenda upande. Sisi wajuaji tukasema uchovu wa maandalizi huo, tukamlaza. Kuja kushtuka saa 8 mchana hawezi hata kutamka jina langu. Hospitali daktari akauliza swali moja tu, ilianza saa ngapi? Tukaangaliana. Kumbe ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na sisi tuliyamaliza tukipamba sebule mama yuko chumbani amelala. Hilo sijajisamehe mpaka leo.

Usiku wa mkesha niko benchi la nje nataka kuomba, maneno hayaji. Mimi mwalimu wa shule ya Jumapili! Kilichokuja ni Zaburi 13 tu, Ee Bwana hata lini utanisahau, nikaurudia mpaka kunakucha, na ilikuwa kwa hasira jamani, unyenyekevu sikuwa nao. Tarehe 25 jioni manesi wakapita koridoni wanaimba, na mama ambaye tangu jana hajatoa neno akaimba nao. Ubeti mzima, maneno yote! Walipomaliza nikamwambia mama hebu sema asante, akajaribu, ikatoka ta ta ta. Nikalia kama mtoto. Nani mwingine ana ya kwake?

mama_wawili:
Daah. Pole na hongera kwa pamoja, sijui nianze na ipi.

Mpima_Hoja:
Kisayansi hiyo inajulikana mkuu, kuimba na kuongea havitegemei sehemu ileile ya ubongo, wagonjwa wengi wa kiharusi wanaimba maneno wasiyoweza kuyasema. Sio muujiza.

BenchiLaNje:
Na daktari aliniambia hivyohivyo. Kwani nimesema muujiza? Nimesema nililia.

Mpima_Hoja:
Halafu hiyo tarehe 25 yenyewe haimo kwenye Biblia.

mama_wawili:
Kaka tafuta uzi wako wa kalenda huko.

Njiti31:
Mimi sikuwa mtu wa kanisa kabisa, mke wangu ndiye alikuwa wa ibada. Mimba wiki 31, siku 3 kabla ya Krismasi analalamika kichwa, miguu imevimba, anaona nyota nyota. Mimi namwambia kunywa maji upumzike. Usiku akaanza kukakamaa kitandani, macho juu, povu. Kufika hospitali presha 180 kwa 120. Nikaletewa karatasi nisaini, dokta ananiambia tunamwokoa mama kwanza, mtoto tutaona. Nikasaini hata sijasoma. Ngoja nipokee simu narudi.

KijanaMsoma:
Hapana hapana mkuu usituache hewani!!

shangazi_mpole:
Naweka kambi hapa. Kina baba wengine mnaosoma, kichwa kikali na kuona nyota kwa mjamzito ni kifafa cha mimba kinabisha hodi, mpelekeni akapimwe presha siku hiyohiyo. Na hata akishajifungua bado kinaweza kumpata, msijisahau.

KijanaMsoma:
Jamaa kapotea saa nzima sasa, kumbe kazi yangu ya leo ni kuripresh tu.

Njiti31:
Nimerudi. Mke alichomwa sindano za magnesiamu, akapasuliwa, akakaa siku 2 hajitambui. Mtoto wa kike, kilo 1 na gramu 300. Krismasi nzima mimi ni kutembea, kwa mama, kwa mtoto, kwa mama. Tarehe 25 mke akafumbua macho, neno la kwanza, "nimezaa?" Nikasema ndiyo. Akasema basi tumshukuru Mungu. Nikapiga magoti palepale kwenye sakafu, mara ya kwanza tangu utoto wangu, nikasema asante kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakageuka.
Mtoto alikaa siku 9. Akaondoka.

mama_wawili:
Jamani.

shangazi_mpole:
Pole mwanangu. Mlimpa jina?

Mwinjili_Mkavu:
Pole ndugu. Neno linasema shukuruni kwa kila jambo, hata hilo mshukuru.

KijanaMsoma:
Yaani unamwambia mtu ashukuru kwa kuzika mtoto?? Ile 1 Wathesalonike 5:18 Kigiriki chake ni KATIKA kila jambo, tofauti kubwa hiyo.

Mwinjili_Mkavu:
Waefeso 5:20, kwa mambo yote. Hiyo nayo utaitafutia Kigiriki gani?

KijanaMsoma:
Yesu mwenyewe kaburini kwa Lazaro alilia, hakutoa shukrani kwa kifo.

Mwinjili_Mkavu:
Soma mbele, Yohana 11:41, akasema Baba nakushukuru.

KijanaMsoma:
Kwa kusikilizwa!! Sio kwa maiti!

mama_wawili:
Nyie wawili, mwenye msiba kakaa hapohapo anawasoma.

Mzoefu_wa_Wodi:
Ushauri wangu kwa mtakaoikuta mwaka huu: andika saa dalili zilipoanza, daktari lazima aulize. Peaneni zamu, mtu asikeshe siku 3 mfululizo. Wanaokuja kuomba kitandani waombe dakika 2 waondoke, mgonjwa anataka usingizi.

Mwinjili_Mkavu:
Dakika 2 ni maombi au salamu?

Mzoefu_wa_Wodi:
Basi 3, ila kwa sauti ya chini.

shangazi_mpole:
BenchiLaNje, mama anaendeleaje?

BenchiLaNje:
Anaongea shangazi, polepole. Neno likimpotea anaanza kulitafuta kwa kuimba, mpaka wajukuu wanamsaidia kuitikia.

Njiti31:
Shangazi uliuliza jina, samahani nilikuwa nimekaa tu. Zawadi. Mchungaji hakuwahi kufika, nesi ndiye alimbatiza kupitia lile tundu la mashine ya joto ya watoto njiti, matone matatu ya maji kwenye bomba la sindano.

shangazi_mpole:
Zawadi. Nimemwandika.